Moniteri wa Mashevalie

Jirani yetu hakuwahi kugusa farasi maisha yake yote. Lakini ukikaa naye jioni barazani angekueleza jinsi farasi wa vita alivyofungwa tandiko huko Ulaya ya zamani, nani alishika hatamu, nani alibeba mkuki, nani aliruhusiwa kuvaa kisiginoni chuma cha dhahabu cha kumchochea farasi na nani alipaswa kuridhika na cha fedha. Alieleza kwa uchungu, kama mtu anayezungumzia shamba la ukoo wake lililochukuliwa na ndugu.

Mtaani tulimwita Moniteri. Ndivyo walivyoitwa walimu wa shule za misheni miaka ile ya hamsini, Wabelgiji walipokuwa bado wanatawala. Hata mke wake alimwita hivyo. Jina lake la nyumbani nalijua, lakini mwenyewe hakupenda kulisikia, na mimi sitalitaja.

Mimi nilikuwa mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, na baraza langu lilitazamana na lake, ua wa matete ukiwa katikati. Mume wangu alifanya kazi beach, kwenye gati la meli za mtoni. Sisi ni watu wa Kasongo, Waislamu. Yeye alikuwa Mgenya wa hapo Kisangani, kwenye maporomoko, mtoto wa wavuvi, Mkatoliki wa kila asubuhi. Kwa kawaida watu kama sisi na watu kama yeye walisalimiana na kupitana. Lakini binti yangu Zaina alipofikia umri wa kusoma, shule ya misheni ikataka kwanza abatizwe, na baba yake akakataa. Jioni ile ile Moniteri akaja na ubao mdogo kwapani, akasema: "Mama Zaina, mutoto akae hapa kwangu nikirudi. Herufi haina dini." Alimfundisha mpaka akajua kusoma vizuri, wala hakutaka shukrani. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa chini, nayasema juu ya mtu aliyenifanyia wema.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mashevalie, wale askari wa farasi wa zamani. Sidhani kama kitabu cha shule kiliwapa nafasi kubwa, lakini kwake walikula nusu ya mwaka. Mtoto wa watukufu, alisema, akiacha kushika nguo ya mama yake anapelekwa nyumbani kwa bwana mwingine, anakuwa paji: anamwaga maji ya kunawa, analeta kikombe, anajifunza kunyamaza. Akianza kuota ndevu anakuwa ekuye. Huyo anamvika bwana mavazi ya chuma, anamkatia nyama mezani, analala mlangoni pake, na vitani anamfuata na farasi wa akiba. Ndipo siku moja, akistahili, anafanywa shevalie.

"We unafikiri mutu anazaliwa shevalie?" aliniuliza. "Apana. Hata mutoto wa mufalme alianzia kwa maji ya kunawa."

Darasa lake alilipanga vivyo hivyo. Wapya walikuwa mapaji, waliojua masomo walikuwa maekuye. Kijana aliyekuja na kucha chafu alishushwa cheo mbele ya wenzake, na niliwahi kumwona mmoja akirudi nyumbani analia kama aliyefiwa. Kila mmoja alikuwa na ngao ya katoni yenye alama ya kwao. Mtoto wa Walokele alichora kasia, mtoto wa mwindaji alichora chui. Na kulikuwa na sheria. Njano na nyeupe zilihesabiwa kuwa madini, dhahabu na fedha. Nyekundu, bluu, nyeusi na kijani ndizo rangi. Rangi haikai juu ya rangi, madini hayakai juu ya madini. Mtoto mmoja alileta mamba wa kijani juu ya nyeusi. Moniteri akaipasua ngao ile. Halafu mchana kutwa nikamwona amekaa barazani, amevua koti, anamkatia mtoto yule yule katoni nyingine.

Ndivyo alivyokuwa. Nyumbani alikula kwa uma na kisu, kitambaa cheupe mezani, mke na mwanawe wameketi wima kama wanapigwa picha. Lakini nilipopika liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani, akisikia harufu ya majani yanaungua, alizunguka kwa nyuma akaingia jikoni kwangu, akachuchumaa, akala kwa mikono mpaka vidole vikang'aa. Alikataza Kiswahili ndani ya nyumba yake, Kifaransa tu. Akikasirika, Kifaransa kilimtoroka chote, akagomba kwa Kigenya cha mama yake.

Na Padri Direkta, mkuu wa shule, akipita mtaani kutembelea wagonjwa, Moniteri alimfuata hatua moja nyuma, amebeba mwavuli wa Padri na kofia ya Padri. Mume wangu alicheka: "Moniteri mzima, anabeba kofia!" Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeongea naye juu ya hayo.

"Ekuye," aliniambia siku hiyo, "jina lake linatoka kwa ngao. Kwa Kifaransa écu ni ngao. Ni mutu wa kubeba ngao. Lakini alama iko pale juu ni ya bwana yake. Ya kwake haina."

"Mpaka lini?"

"Mpaka bwana aseme."

"Na bwana asiposema?"

Alichezea kifungo cha koti. "Bon. Wengine walizeeka vile. Walikufa ekuye, na mvi kichwani." Akainuka, akaenda kwake bila kuaga, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Alichokuwa anangoja yeye ni karta. Serikali iliitoa kwa Mwafrika iliyemwona amestaarabika. Wakubwa walikuja nyumbani kwako, wakafungua kabati, wakatazama vitanda na choo, wakamuuliza mke maswali. Ukifaulu, sheria ilikuhesabu karibu na Mzungu, na mtoto wako aliweza kuombewa nafasi katika shule ya watoto wa Kizungu. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Moniteri usingizi. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Alfonsi, kijana mrefu, mkimya, aliyefaulu kila somo na ambaye shule za Waafrika zilikuwa karibu kumwishia. Bila neno zuri la Padri Direkta hakuna aliyepata karta. Moniteri aliyajua hayo kama alivyojua sala zake.

Ndipo ukaja mchezo.

Shule ilikuwa na sikukuu, na wageni wakubwa wa serikali walialikwa. Moniteri akaomba ruhusa ya kuonyesha jinsi ekuye anavyofanywa shevalie. Alfonsi ndiye ekuye, yeye mwenyewe ndiye bwana. Mimi nikapewa kazi ya nguo. Aliniletea kitambaa cheupe na kingine chekundu, akaniambia nishone msalaba mkubwa kifuani.

"Wa nini?" nikauliza.

"Banaenda vitani."

"Kupigana na nani?"

Alikohoa. "Na... Waarabu. Waislamu, mambo ya zamani sana."

"Kumbe na mimi."

Alinitazama kwa hofu, halafu sote wawili tukacheka mpaka Zaina akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikaishona misalaba yote, na kwa uzi mzuri.

Ugomvi pekee ulikuwa wa ngao. Alfonsi alitaka kuchora ule mtego mkubwa wa fito, mrefu kama pembe, ambao Wagenya wanautega kwenye maji ya kasi.

"Ile ni kazi ya uvuvi," baba yake akasema. "Haiko kitu ya utukufu."

"Papa, Koko alikufa na ule mutego mukononi," Alfonsi akajibu. Koko alikuwa babu yake, aliyechukuliwa na maji pale pale kwenye maporomoko. Kesho yake Moniteri alileta rangi mwenyewe, mtego wa njano juu ya bluu. Sikuwahi kumwona akichora kwa utulivu namna ile.

Siku chache kabla ya sikukuu nilikwenda ukumbini kuwapima vijana nguo. Padri Direkta akaingia. Hakuwa mtu mkali. Wagonjwa wengi wa mtaa wetu walizikwa vizuri kwa sababu yake. Moniteri akamweleza mchezo kwa Kifaransa chake kilichonyooka. Padri akamjibu kwa Kiswahili, kama mtu anayemjibu mpishi.

"Moniteri, ile ya mwisho tutaitoa."

"La fin, mon père?"

"Ndiyo. Kijana anapiga magoti, anasali mbele ya silaha, pazia linafungwa. Ni nzuri sana. Inatosha."

"Lakini, mon père, kama hapewi upanga, yote ya mbele inakosa maana."

"Nani atamupa? Wewe? Mbele ya wakubwa wa serikali?" Padri alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Na ngao ya samaki? Watasema misheni inafundisha nini? Ekuye ni kitu kizuri, Moniteri. Mutumishi mwaminifu. Onyesha hiyo." Akamshika bega. "Na kumbuka, mambo ya karta yako banaiangalia sasa hivi."

"Oui, mon père," Moniteri akasema.

Tulirudi pamoja, mimi na vitambaa vyangu, yeye mikono mitupu. Karibu na nyumbani akasimama. "Ni juu ya Alfonsi," akasema. "Akiingia shule ile, nani atakumbuka muchezo?" Nikamwambia hakuna. Kijana mwenyewe tulimkuta uani anachonga mpini wa upanga wa mbao. Baba yake akamweleza, kwa Kifaransa, kwa maneno machache. Alfonsi alisikiliza, halafu akaendelea kuchonga.

Siku yenyewe nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni, nikishikilia nguo zisianguke. Wageni walijaa viti vya mbele. Mchezo ulikwenda vizuri. Mapaji walimwaga maji, maekuye walivisha mabwana zao makaratasi ya fedha, watu wakapiga makofi. Kisha Alfonsi akatoka peke yake kusali mbele ya silaha. Badala ya kupiga magoti katikati ya jukwaa, alisogea mbele mpaka ukingoni. Wavutaji wakavuta pazia, nalo likafungwa nyuma yake. Yeye akabaki nje, mbele ya wageni wote, amepiga magoti.

Makofi yakalia. Yakapungua. Nikasikia sauti yake, kavu: "J'attends, mon seigneur." Ninangoja, bwana wangu.

Watu wakapiga makofi tena, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Akarudia maneno yale yale. Safari hii makofi hayakuja. Nikachungulia kwenye mwanya, nikamwona Padri Direkta anageuza shingo huku na huku, anamtafuta Moniteri.

Moniteri alikuwa kando yangu. Jasho lilikuwa limepenya koti lake mgongoni. "Alfonsi," akanong'ona kupitia pazia, "simama."

"Papa, mi nangoja."

"Simama, mwanangu. Nakuomba."

"We ndiye bwana. Sema tu neno moja."

Moniteri akafunua pazia akatoka. Nilimwona kwa upande, mkono ukipanda. Akampiga kofi moja la shingo, kati ya sikio na bega. Lililia ukumbi mzima. "Debout!" akasema. Mgeni mmoja akacheka, mwingine akaanza kupiga makofi, kisha wengi, kwa furaha, kama watu walioona mwalimu anayejua kazi yake. Alfonsi akainuka. Uso wake sikuuona, alinipa mgongo. Niliuona wa Moniteri, na ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa na polisi.

Kijana akavua kile kitambaa cha msalaba, akakikunja vizuri, akaniwekea mikononi. "Merci, Mama Zaina," akasema, akapita mlango wa nyuma. Kabla juma halijaisha alikuwa amepanda meli ya kuteremka mto. Baba yake alikuwa shuleni. Mume wangu ndiye aliyemwona beach, akanieleza jioni, nami nikavuka ua kumwambia mama yake. Mama Alfonsi alikuwa anapepeta mchele. Hakulia. Aliweka ungo chini, akauliza kama mtoto alikuwa na koti.

Wale wakubwa wakaja nyumbani kwa Moniteri, wakafungua kabati, wakatazama vitanda. Kimojawapo hakikuwa na mtu. Padri Direkta aliwasimulia, tulisikia baadaye, jinsi moniteri wake alivyomtia adabu mwanawe wa damu mbele ya watu wote. Karta ikatoka. Aliipata kwa kofi lile, na mtu wa kupeleka shule ya Kizungu hakuwepo tena.

Nilitegemea kwamba angeificha. Hakuificha. Aliitumia kwa namna iliyonisikitisha zaidi. Jumamosi alivaa tai, akavuka kwenda mji wa Wazungu, akaingia duka la mikate kwa mlango wa mbele, akasimama kungoja. Walimhudumia baada ya kila mtu, hata waliomkuta. Akarudi na mkate chini ya kwapa, akamkatia Zaina nusu. "Nimeingia mbele," alisema, "mbele kabisa." Zaina alifurahia mkate.

Darasani aliendelea na mashevalie. Lakini wanafunzi walionijia kushona kaptura waliniambia somo sasa lilikuwa linaishia kwa ekuye. Mmoja alimwuliza nini kinafuata. Moniteri akamjibu kengele imelia, na kengele ilikuwa haijalia.

Na mke wake? Aliendelea kumpikia na kumfulia, na mbele ya watu alimheshimu kama zamani. Ila aliacha kuketi naye mezani. Alikula jikoni, mlango wazi, wakionana. Moniteri hakumkemea.

Miaka ikapita, mji ukajaa mikutano na nyimbo za uhuru. Vijana waliokuwa mapaji wake walipita mtaani na bendera, na mwenye karta sasa aliitwa kibaraka. Moniteri alikonda. Alipita kando kando ya njia, akiamkia watu kwanza, hata wadogo. Kisha tukasikia Alfonsi yuko Isangi, karani wa mfanyabiashara mmoja na kiongozi wa vijana wa chama, mtu wa kusikilizwa. Amemwita baba yake, na baba yake amekwenda.

Mwisho mwisho wa miaka ile nami nilikwenda Isangi, kununua samaki wa kukaushwa kwa ajili ya arusi ya Zaina. Alfonsi akanitambua sokoni. Alikuwa mwanamume wa ndevu sasa, na kicheko ambacho hakuwa nacho zamani. "Mama Zaina! Utakula kwetu, mi sitaki kusikia ingine." Nyumba yake ilijaa wageni, na kwenye kiti cha heshima, karibu na dirisha, alikaa Moniteri, nywele nyeupe. Alifurahi kuniona, halafu nikaona kama ameshtuka.

Tulipokuwa tunakula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, Alfonsi akawaambia wageni: "Huyu mama alikuwa pale! Atanishuhudia." Akafuta mikono. "Munajua shevalie wa zamani sana, mbele ya mambo ya upanga, walimufanya na nini? Na mukono. Bwana anakupiga hapa, kwa shingo, kofi moja tu. Ile ndiyo kofi ya mwisho mutu anakubali bila kurudisha. Papa alitufundisha ile mu klasi. Alors, siku ile Padri amekataza upanga, Bazungu bote banaangalia. Papa yangu anatoka, ananipiga palepale! Bazungu banapiga mikono, habajue banapigia nini! Akanifanya shevalie mbele ya macho yao." Wageni wakashangilia. Mmoja akainuka kwenda kumshika mzee mkono kwa mikono miwili. Moniteri aliupokea, akainamisha kichwa, akarudi kutoa miiba kwenye samaki wa mjukuu wake.

Nami nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa nilikuwa pale na kofi nililiona. Kijana hakuondoka Kisangani na uso wa shevalie. Lakini mtu akikaa na jambo miaka mingi hulipindua huku na huku mpaka apate upande anaoweza kuulalia.

Asubuhi Moniteri alinisindikiza ukingoni, amebeba kapu langu dogo. Meli ilikuwa inapakia. Nikaona sitapata nafasi nyingine.

"Moniteri," nikasema, "ni kweli ile ya jana?"

"Ya kofi ya zamani? Ni kweli. Niliwafundisha."

"Nakuuliza ya siku ile."

Alitazama wapakiaji. "Nilimupiga juu ya woga," akasema. "Padri alikuwa ananitafuta na macho. Mambo ya mashevalie hayakunipita kichwani hata kidogo. Ile ya kofi nilikumbuka kesho yake, niko nafuta ubao, nikakaa chini."

"Hujamwambia?"

"Nilikuja Isangi kumwambia. Siku ya kwanza akanipokea hapa hapa, na batu, na ngoma, akasema: huyu ndiye papa yangu, amenifanya mutu. Nikasema nitangoja kesho." Akahamishia kapu mkono wa pili. "Mama yake aliniambia nisimwambie kamwe. Miye naona nikikufa vile, nimekufa nimemwibia."

Nikamwambia tu kwamba mimi kwa upande wangu sitasema. Meli ikapiga honi.

"Leo," akasema ghafla, akanipa kapu. "Nikipanda pale juu, nyumbani, leo namwambia. Yeye haiko mutoto tena."

Nilipanda, nikasimama kwenye ukingo wa meli. Tulipokuwa tunaachana na gati nikamwona Alfonsi anateremka kwa haraka kumfuata baba yake, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Akamshika mkono kwa upole, wakaanza kupanda pamoja polepole. Niliwatazama mpaka miti ikawaficha. Muda wote ule aliyekuwa anaongea ni Alfonsi. Moniteri alikuwa anaitikia kwa kichwa.